Dizeli ni jina la mtu

Huku Kayole neno dizeli halina mwenyewe. Dereva wa matatu hulitamka akishusha kioo kwenye kituo cha mafuta cha Barabara ya Spine, utingo hulitaja jioni akikata hesabu ya mwenye gari, na mwenye kinu cha kusagia mahindi kule Soweto hulilalamikia kila bei inapopandishwa. Wanafunzi nao hulikuta katika somo la fizikia. Huandika tofauti baina ya injini ya petroli na injini ya dizeli, wakapata alama zao, kisha wakafunga daftari. Ni wachache mno miongoni mwao waliowahi kuambiwa kwamba neno hilo, ambalo tumezoea kuliandika kwa herufi ndogo kana kwamba ni jina la kitu kama vile chumvi au sabuni, ni jina la ukoo la mtu aliyezaliwa, akasoma, akaoa, akatajirika, akafilisika, na hatimaye akatoweka baharini usiku mmoja wa mwaka 1913.

Mtu huyo ni Rudolf Diesel. Nionavyo mimi, walimu wetu wanaposomesha injini yake bila kumtaja yeye huwanyima wanafunzi sehemu iliyo bora zaidi ya somo lenyewe. Diesel hakuanza kazi yake akiwa na haja ya kuendesha malori wala meli. Alianza na haja ya kumtafutia fundi mdogo, mtu wa aina ya wale wanaokaa pembeni mwa barabara pale Masimba na tindo na spana zao, injini ambayo angeweza kuimudu.

Alizaliwa jijini Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani waliohamia Ufaransa kutafuta riziki. Babake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, naye Rudolf akiwa mtoto alipewa kazi ya kuwapelekea wateja bidhaa hizo kwa kigari cha mkono. Kwa hivyo aliijua karakana ya nyumbani, pamoja na dhiki zake, kabla hajajua kiwanda ni kitu gani. Si mbali na kwao palikuwa na jumba la makumbusho ya ufundi, na mle ndani limehifadhiwa hata leo gari la mvuke la Mfaransa aitwaye Cugnot, lililoundwa mnamo 1770 ili likokote mizinga ya jeshi. Wanahistoria wengi hulihesabu kuwa gari la kwanza kubwa lililokwenda barabarani bila ya farasi wala punda. Mtoto Rudolf alipenda kuingia humo akachora mitambo.

Mwaka 1870 vita vilizuka baina ya Ufaransa na Ujerumani. Mjerumani aliyeishi Paris akawa adui kwa siku moja, na akina Diesel wakakimbilia London wakiwa na vichache walivyoweza kuvibeba. Maisha ya ukimbizi yalikuwa magumu. Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alitumwa peke yake hadi mji wa Augsburg kwa ndugu wa babake, Christoph Barnickel na mkewe. Safari hiyo, kwa sababu ya vita, ilimchukua siku nane. Barnickel alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya ufundi, na mvulana huyo akaingia mikononi mwake. Baada ya miaka michache aliwaandikia wazazi wake kwamba ameazimia kuwa mhandisi. Wazazi walitaka aache masomo apate kibarua, awasaidie. Mzazi yeyote wa mtaa huu aliyewahi kumtazama mwanawe wa darasa la mwisho akapiga hesabu ya karo atalielewa jambo hilo bila ya kufafanuliwa. Kilichomwokoa Rudolf ni ufadhili wa masomo alioupata mwaka 1875, akaingia katika chuo kikuu cha ufundi cha Munich.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa sayansi alijue. Mnamo 1878 Profesa Carl von Linde, bingwa wa elimu ya joto na mwanzilishi wa mitambo ya kutengeneza barafu, aliwafundisha wanafunzi wake kuhusu injini ya mvuke. Aliwaeleza kwamba injini hiyo, iliyokuwa fahari ya karne nzima, hugeuza kuwa kazi sehemu ndogo mno ya joto la makaa, baina ya asilimia 6 na 10 tu. Tuseme kwamba mwenye kiwanda amenunua magunia 100 ya makaa. Magunia yapatayo 90 hupotelea hewani kupitia bomba la moshi, na yaliyobaki ndiyo yanayozungusha mashine. Wanafunzi wengine waliandika takwimu hizo wakangoja mtihani. Diesel aliandika pembeni mwa daftari lake dokezo la kujikumbusha kwamba huenda iko njia nyingine. Dokezo hilo lilimkalia moyoni kwa miaka 14. Somo moja la asubuhi lilitosha.

Njia aliyoiona mwishowe yaweza kuonyeshwa darasani bila ya maabara yoyote. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Mwisho wa pampu hupata moto. Hewa inaposhindiliwa mahali padogo hupanda joto, na ikishindiliwa mno yaweza kuwasha kitu. Katika shule aliyosoma Augsburg, husimuliwa, kulikuwa na kifaa cha kioo cha kuwashia moto kwa njia hiyo hiyo. Injini ya petroli ambayo Wajerumani wengine kama Karl Benz walikuja kuitia katika magari mnamo 1886 huvuta hewa iliyokwisha kuchanganyika na mafuta, kisha ikahitaji cheche ya plagi. Diesel alitaka kuishindilia hewa tupu hadi iwe na joto kali mno, kisha mafuta yapulizwe ndani yake, yawake yenyewe. Pasingekuwa na haja ya plagi. Na kwa kuwa mshindilio ulikuwa mkubwa, sehemu kubwa zaidi ya joto ingegeuka kuwa kazi.

Lakini mwanafunzi hodari hali nadharia. Baada ya kuugua homa ya matumbo iliyomchelewesha, Diesel alifanya mtihani wake Januari 1880 na kupata alama zisizopata kuonekana chuoni hapo. Linde akampa kazi katika biashara yake ya barafu jijini Paris. Kwa miaka kumi akawa mtu wa friji: akauza mitambo, akairekebisha, akasajili hataza za kutengeneza barafu safi, na jioni akahangaika na injini ya mvuke wa amonia ambayo haikumpatia lolote. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1890 wakahamia Berlin.

Hataza ya injini mpya ilitiwa tarehe ya 28 Februari 1892, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kidogo cha kuieleza nadharia yake. Katika wazo lake hilo la awali tunaiona nia ninayoizungumzia. Injini ya mvuke ya wakati huo ilikuwa dude kubwa lenye tanuri, birika na bomba refu la moshi. Ni tajiri peke yake aliyeweza kuinunua, na kwa sababu hiyo mfumaji, seremala na mshona viatu walikuwa wakifunga karakana zao na kwenda kuajiriwa viwandani mwa matajiri hao. Diesel alifikiri kwamba injini ndogo isiyokula mafuta mengi ingemrudishia fundi uwezo wa kushindana akiwa kwake, na ingewapunguzia watu haja ya kusongamana mijini. Almuradi, aliota juu ya jua kali miaka mingi kabla sisi hatujalibuni jina hilo.

Kuota ni kumoja na chuma ni kwingine. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, kilichoongozwa na Heinrich Buz, kilikubali kumjaribia injini hiyo, na kampuni ya Krupp ikaahidi kumlipa marki 30,000 kila mwaka. Jaribio la kwanza lilifanyika Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kweli, ila kipimo cha shinikizo kilichofungwa juu ya mtambo kililipuka na vipande vyake vikaruka karibu na vichwa vya waliohudhuria. Injini haikuzunguka kwa nguvu zake yenyewe. Walirudi kwenye meza ya kuchorea. Tarehe 17 Februari 1894 ilizunguka yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Yasimuliwa kwamba fundi aliyekuwa juu ya mtambo, alipoona kuwa sasa injini ndiyo inayouvuta ukanda na wala haivutwi, alivua kofia yake kwa heshima pasipo kusema neno. Ikachukua miaka mingine mitatu ya kuvunja na kujenga. Mnamo Februari 1897 Profesa Moritz Schröter alialikwa kuipima rasmi, akakuta kwamba inageuza asilimia 26.2 ya joto kuwa kazi. Injini ya mvuke ilikuwa imeachwa mbali.

Sifa zikaja kwa kishindo, na pesa zikafuata. Adolphus Busch, tajiri wa pombe wa Marekani, alinunua haki ya kuiunda injini hiyo nchini mwake kwa marki milioni moja. Familia ya Nobel ikainunua kwa ajili ya Urusi. Mwaka 1898 kampuni maalumu ikaundwa, ikachukua hataza zake kwa marki milioni 3.5. Mjukuu wa wajalidi vitabu alikuwa milionea kabla ya kutimiza miaka 41.

Utajiri huo ulikuwa na ufa tangu msingi. Injini za kwanza kuuzwa ziliharibika ovyo, wanunuzi wakazirudisha, na kiwanda alichokianzisha Augsburg hakikufaulu. Wahandisi wengine walidai kwamba wazo lenyewe halikuwa lake. Kesi za hataza zikamchosha, naye akaanguka kwa maradhi ya neva akalazwa. Alipopata nafuu alijenga jumba la fahari jijini Munich, akatia fedha katika visima vya mafuta na katika biashara za viwanja, na karibu kila alipotia mkono alipata hasara. Diesel alikuwa na kipaji cha joto na chuma. Cha biashara hakuwa nacho, na hakuna aliyeweza kumwambia hivyo akasikia.

Jambo moja la miaka hiyo halitajwi sana. Mwaka 1903 alitoa kitabu kiitwacho Solidarismus. Ndani yake alipendekeza kwamba wafanyakazi wachange senti kidogo kidogo katika mfuko mmoja, mfuko huo uwe dhamana ya mikopo, na kwa mikopo hiyo waanzishe viwanda vitakavyokuwa mali yao wenyewe. Nakala 10,000 zilichapishwa, zikauzwa kama 300 hivi. Kule Ulaya walikiona kitabu hicho kuwa ndoto za mhandisi. Kwa msomaji wa Kenya, ambako matatu zimelazimika kujiunga na vyama vya ushirika tangu miaka ya 2010, na ambako akina mama wa kila ploti wana chama chao cha kuchangishana, sioni ndoto yoyote hapo. Diesel mwenyewe anasemekana kuamini kwamba kitabu hicho kilikuwa na thamani kuliko injini yake. Mimi sikubaliani naye kabisa, ila namwelewa.

Jambo jingine latuhusu zaidi. Katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Paris mwaka 1900, injini moja ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyoliomba jaribio hilo, kwa kuwa njugu zilikuwa zikimea kwa wingi katika makoloni yake ya Afrika, na ilitaka makoloni hayo yajipatie nguvu za mitambo bila ya kuagiza makaa wala mafuta kutoka mbali. Tusidanganyike kwamba Wafaransa walikuwa wakimfikiria mkulima Mwafrika. Hata hivyo Diesel alilishika wazo hilo, na mwaka 1912 bado alikuwa akiwaeleza wahandisi kwamba mafuta ya mimea, ingawa hayakuwa na maana kubwa wakati ule, huenda siku moja yakawa muhimu kama petroli. Ili kuona uzito wa jambo hilo, mkumbuke luteni wa Kijerumani Paul Graetz, ambaye baina ya Agosti 1907 na Mei 1909 aliendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Swakopmund, akawa wa kwanza kulivuka bara letu kwa motokaa. Petroli ya gari hilo ilitangulizwa njiani kwa vichwa vya wapagazi. Vitabu humtaja dereva.

Je, Diesel mwenyewe aliwahi kuendesha gari la dizeli? La. Mwaka 1905 alisafiri na familia yake kwa motokaa hadi Italia, akivuka milima ya Alps, na gari hilo lilikuwa la petroli. Injini yake ilikuwa nzito mno. Ile ya mwaka 1897 ilikuwa na kimo cha kama mita tatu, na ilihitaji kompresa ya kupulizia mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa. Alijaribu mnamo 1908 kuunda injini ndogo ya kufaa lori, hakufanikiwa. Waliofaidi kwanza walikuwa wenye viwanda, wenye mitambo ya stima, wenye meli na majeshi ya majini. Mwaka 1912 meli ya Kidenmaki Selandia ilivuka bahari hadi Bangkok kwa dizeli tupu, bila ya dohani ndefu ya moshi. Nyambizi za Ujerumani zikatiwa injini hizo muda mfupi kabla ya vita. Fundi mdogo aliyekusudiwa hakuwemo katika foleni.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza, pamoja na wenzake wawili. Walikula pamoja, wakatembea sitahani, na mnamo saa nne usiku wakaagana kwenda kulala. Aliomba aamshwe asubuhi. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa, na kofia yake na koti vilikutwa sitahani. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti ikielea. Walichukua vitu vidogo vilivyokuwa mifukoni, wakaurudisha mwili majini. Mwanawe alivitambua vitu hivyo kuwa vya babake. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Yamezuka mengi tangu siku hiyo: kwamba aliuawa na majasusi asiwauzie Waingereza siri, kwamba wenye mafuta walimwondoa, hata kwamba hakufa. Magazeti hupenda habari za namna hiyo. Lakini ilibainika baada ya kifo chake kwamba alikuwa amefilisika kabisa, kwamba madeni yake yaliizidi mali yake, na kwamba kabla ya safari alimwachia mkewe mkoba wenye fedha taslimu. Anayesoma ushahidi huo kwa utulivu hahitaji majasusi.

Injini iliendelea bila yake. Ilipoondolewa ile kompresa nzito, malori ya dizeli yakaanza kuonekana Ujerumani mnamo 1923 na 1924. Robert Bosch akaanza kuuza pampu ndogo ya kupulizia mafuta mwaka 1927, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikatoa motokaa ya dizeli kwa wanunuzi wa kawaida. Kwetu, dizeli iliyaondoa magari-moshi ya mvuke kwenye reli, kisha ikashika barabara. Kiwanda cha General Motors Kenya, kilichoanzishwa 1975 na kuitwa Isuzu East Africa tangu 2017, kimetoa fremu na injini za mabasi madogo mengi yanayowabeba watu wa Kayole kila alfajiri kupitia Barabara ya Jogoo. Mwili wa basi huundwa na mafundi wetu, na likiharibika nozeli au pampu, hupelekwa kwa fundi ambaye pengine hakumaliza shule lakini hujua kwa sikio silinda gani inakosa mafuta.

Moshi wake nao ni wetu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Mtoto anayengoja matatu pale Kayole Junction huuvuta kabla ya kufika shuleni. Tangu 2022 mabasi ya stima yameanza kuonekana Nairobi, na ni jambo la kushukuru. Ila ningewaomba walimu walitupie darasani swali ambalo Diesel aliliuliza katika karne ya 19: mtambo huu mpya utamilikiwa na nani, na fundi wa pembeni mwa barabara ataruhusiwa kuufungua?

Mintarafu ya injini ndogo aliyoitaka mwenyewe, ilibidi kungoja miaka 20 baada ya kifo chake. Mwaka 1933 Mjapani Magokichi Yamaoka, mtoto wa mkulima na mwanzilishi wa kampuni ya Yanmar, alifaulu kuunda injini ya dizeli ndogo iliyomfaa mkulima wa kawaida. Ndugu za injini hiyo, pamoja na zile za Lister kutoka Uingereza, ndizo zilizosaga unga na kupiga maji katika vijiji vya Afrika Mashariki ambako stima haikufika. Yamaoka alikwenda Ujerumani akitafuta mnara au kaburi la Diesel ili atoe heshima zake, asione lolote la maana. Kwa hiyo alijenga mwenyewe: mwaka 1957 bustani ya mawe ya Kijapani ilifunguliwa katika mji wa Augsburg, mji ule ule ambamo injini ya kwanza ilizunguka kwa dakika moja.